Pile za Redio: Historia Fupi ya Gemu za Mkononi, na Hukumu Yangu

Mwaka jana kituo chetu cha vijana hapa Rwamwanja kilipokea katoni moja kutoka ng'ambo. Aliyeituma ni mtu aliyewahi kufanya kazi hapa, akarudi kwao, akawakumbuka vijana. Ndani kulikuwa na mashine za gemu za mkononi, zile unazoshika kwa mikono miwili na kucheza popote ulipokaa. Tulizihesabu mbele ya watu wote ili kesho kusiwe na maneno: Game Boy mbili za kijivu, Game Gear moja nyeusi, PSP tatu, kaseti kumi na moja, chaja mbili, na kamba moja ya kuunganisha mashine kwa mashine.

Furaha ilidumu siku tatu. Siku ya nne mama mmoja alikuja mlangoni na jerikani tupu mkononi. "Mwalimu," aliniambia, "mtoto wangu nilimtuma maji saa kumi. Amerudi saa moja ya usiku na hii, kama unavyoiona." Wiki iliyofuata tukasikia kwamba kijana mwingine ameuza vikombe viwili vya unga wa posho wa nyumbani kwao ili alipe chaji ya PSP pale kwa mwenye sola. Hapo mkubwa wangu wa kazi akaniita. Akataka nusu ukurasa: nguvu za mashine hizi, udhaifu wake, na kama tuzibakize au tuziondoe.

Nilichora mstari katikati ya karatasi. Upande wa nguvu nikaandika: zinaburudisha. Upande wa udhaifu: zinapoteza muda. Halafu nikakwama, kwa sababu maneno hayo yanafaa kwa kitu chochote. Hata mpira wa miguu unaburudisha na kupoteza muda. Basi nikaanza kusoma historia ya mashine zenyewe kwenye kompyuta ya kituo, jioni kwa jioni, sola ikiwa bado na nguvu. Nilitaka kujua zilitengenezwa na nani, kwa ajili ya nani, na kwa nini nyingine zilishinda na nyingine zikafa. Nusu ukurasa haukutosha. Ndiyo maana naandika hapa.

Nina sababu nyingine pia, ambayo sikuiweka kwenye ripoti. Nitaifikia.

Fundi wa Kyoto

Gunpei Yokoi alizaliwa mwaka 1941 huko Kyoto, Japani. Mwaka 1965 aliajiriwa na Nintendo, kampuni iliyoanza mwaka 1889 kwa kutengeneza karata. Hakuajiriwa kama mtu wa gemu. Kazi yake ilikuwa kutunza mashine za kiwandani. Akipata nafasi alikuwa anatengeneza vitu vya kujichezea mwenyewe, na siku moja mwenye kampuni akamkuta na mkono wa bandia unaorefuka na kurudi kama mkasi. Badala ya kumfukuza, alimwambia autengeneze uuzwe. Ulitoka mwaka 1966, ukauzwa sana.

Baadaye, inasimuliwa, Yokoi akiwa ndani ya treni alimwona mfanyakazi wa ofisini aliyechoka, anabonyezabonyeza kikokotoo chake bila sababu, anapitisha muda tu. Yokoi akafikiri: kumbe mtu mzima naye anahitaji kitu kidogo cha kuchezea, kisichomwaibisha mbele ya watu. Mwaka 1980 Nintendo ikatoa Game & Watch: gemu moja, na saa, ndani ya kitu kinachoingia mfukoni. Kioo chake kilikuwa cha aina ileile ya vikokotoo, na betri zake ndogo kama vifungo vya shati.

Hakuwa wa kwanza kabisa. Mwaka 1979 kampuni ya Marekani, Milton Bradley, ilikuwa imetoa Microvision, ambayo unaweza kubadilisha kaseti na kupata gemu nyingine. Lakini kioo chake kilikuwa kidogo mno, na vingi viliharibika.

Yokoi alikuwa na imani moja ambayo naipenda. Alisema usikimbilie teknolojia mpya kabisa. Chukua ile iliyokwisha kuzeeka, ambayo bei yake imeshuka na tabia yake inajulikana, uitumie kwa namna ambayo mwenzako hakuifikiria. Sisi hapa kambini hatuna haja ya kufundishwa jambo hilo. Tunatengeneza taa kwa kopo, na mpira kwa mifuko ya plastiki na kamba za migomba. Lakini kulisikia kutoka kwa mtu wa kampuni kubwa kulinishangaza.

Hesabu ya mwaka 1989

Mwaka 1989 ndio mwaka wa mashindano. Mwezi wa nne, Nintendo ilitoa Game Boy huko Japani, na baadaye mwaka huohuo ikafika Marekani kwa karibu dola 90. Ukiiona leo unaweza kucheka. Kioo chake hakina rangi, kina vivuli vinne tu vya kijani-kijivu. Hakina taa ndani. Kitu kikikimbia haraka kinaacha ukungu nyuma yake.

Mwaka huohuo Atari ikatoa Lynx, yenye rangi na taa ndani ya kioo, kwa karibu dola 180. Mwaka 1990 Sega ikatoa Game Gear, nayo ina rangi na taa. Ungeziweka zote tatu mezani na kumuuliza mtoto achague, asingechagua ya kijivu. Vijana wetu walifanya hivyohivyo siku ya kwanza: waligombea PSP, halafu Game Gear, na zile Game Boy mbili zikabaki kwenye katoni kama viatu vya mguu mmoja.

Lakini mwisho wa mashindano ulikuwaje? Game Boy pamoja na ndugu yake ya rangi iliyotoka 1998 ziliuzwa zaidi ya milioni 118. Game Gear iliuzwa takriban milioni 10. Lynx haikufika hata hapo.

Sababu ni nyingi, na gemu zenyewe ni mojawapo. Lakini kubwa iko nyuma ya mashine, chini ya kile kifuniko. Game Boy inakula betri nne ndogo na kucheza saa 15 au hata zaidi. Lynx na Game Gear zinakula betri sita na kudumu saa nne hivi, kwa sababu taa na rangi vina njaa. Sasa fanya hesabu pamoja nami. Mtoto akicheza saa 30, kwa Game Boy atatumia betri 8. Kwa Game Gear atatumia zaidi ya 40. Huko Marekani mzazi alilalamika, akanunua. Hapa, betri 40 ni mwanga wa nyumba kwa miezi mingapi?

Ndiyo maana naona kosa la watu wengi wanaopima mashine hizi ni kuanza na kioo: picha nzuri au mbaya, rangi ngapi, kasi gani. Mimi nasema swali la kwanza ni: inakula nini, na inamnyang'anya nani chakula hicho?

Asubuhi ya Jomba

Hapa ndipo lazima niseme ya kwangu.

Sisi tunatoka Jomba, upande wa Rutshuru, karibu na mpaka wa Bunagana. Yaya wangu, yaani kaka mkubwa, aliwahi kurudi kutoka Goma na zawadi: Brick Game. Wengi mnaijua, ile ya bei ya chini iliyotoka China, imeandikwa kwa kujisifu kwamba ina gemu 9999, kumbe ni zilezile chache zinazobadilishwa kasi. Vipande vinaanguka, unavipanga, mstari ukijaa unafutika. Kwa sisi wa vijijini hiyo ndiyo ilikuwa Game Boy yetu.

Ilitumia pile mbili ndogo. Na nyumbani pile mbili nzima zilikuwa sehemu moja tu: ndani ya redio ya baba.

Haina taa, kwa hiyo usiku haionekani. Nilikuwa nacheza mchana baba akiwa shambani, na jioni kabla hajarudi narudisha pile kwenye redio. Nilikuwa na miaka kumi na miwili na nilijiona fundi. Ukweli ni kwamba kagemu kale kangetosheka na pile zilizochoka, zile unazozianika juani au kuziuma kwa meno ili zipate nguvu kidogo. Zilikuwepo nyumbani. Lakini nilitaka sauti kali.

Mwezi wa saba 2012, vita ya M23 ilikuwa imekaribia. Tulisikia bunduki kwenye vilima. Kila alfajiri baba aliwasha redio kusikia nani yuko wapi. Jioni moja rafiki yangu wa jirani aliniomba gemu acheze kidogo. Nilimpa. Giza likaingia, akaenda nayo kwao, pile zikiwa ndani.

Alfajiri baba akazungusha kitufe. Kimya. Akazungusha tena. Akageuza redio, akafungua mgongo wake, akakuta patupu. Alitutazama sote mmoja mmoja. Mimi sikusema kitu.

Habari tulizipata kwa watu waliokuwa wanapita njiani na magodoro kichwani. Tulitoka baada yao, mbio, na tulichoshika ni sufuria, blanketi mbili na mtoto mdogo. Buletini za shule za yaya, miaka yote ya sekondari, zilibaki kwenye sanduku chini ya kitanda. Tulivuka Bunagana, tukakaa Nyakabande kule Kisoro, halafu magari yakatuleta hapa Rwamwanja, ambapo kambi ilikuwa imefunguliwa tena miezi michache tu nyuma. Yaya alipotaka kuendelea na shule, aliulizwa karatasi. Hakuwa nazo. Wakataka kumrudisha darasa la watoto. Akakataa, akaenda kujenga nyumba za watu, na mpaka leo anajenga.

Siwezi kuapa kwamba redio ingetuambia kwa wakati. Labda hata watangazaji walikuwa hawajajua. Lakini baba angekuwa na nafasi ya kujua, na mimi ndiye niliyeiondoa. Nilikiri mwaka jana tu, wiki ile katoni ilipofika, kwa sababu nilipoziona zile mashine tumbo lilinikata. Baba alisema alijua siku ileile. Yaya alicheka, lakini alicheka kidogo.

Kwa hiyo yule kijana aliyeuza unga wa posho, mimi siwezi kumrushia jiwe. Namjua vizuri mno.

Jua la saa saba

Turudi kwenye katoni. Niliamua tuzijaribu wenyewe badala ya kusoma tu. Tulikaa nje ya kituo saa saba mchana, kwa sababu ndani kuna joto la mabati na kila mtu yuko nje.

Game Gear ilionyesha rangi zake kivulini. Tulipotoka juani picha ikapotea, tukabaki tunaona nyuso zetu kwenye kioo. Sauti yake pia ilikuwa hafifu kama ya mtu mwenye mafua. Nilisoma baadaye kwamba huo ni ugonjwa unaojulikana: vijiwe vya umeme ndani yake vinavuja vikizeeka, na Game Gear nyingi duniani zimekufa hivyo.

PSP nazo juani zilififia. Ni mashine nzuri, sikatai. Sony waliitoa mwaka 2004, na kwa kijana anayependa mpira hakuna kinachopendeza zaidi, maana inacheza pia muziki na video. Lakini katika zile tatu, betri ya moja ilikuwa imevimba mpaka kifuniko hakifungi. Hiyo siyo ya kuchezea. Betri za kuchaji zikivimba zinaweza kushika moto, na wengi wetu tunalala chini ya turubai au nyasi. Tuliiondoa siku ileile. Mbili zilizobaki zinahitaji chaji, na chaji moja kwa mwenye sola ni shilingi mia tano.

Halafu mmoja akachukua ile ya kijivu iliyosahauliwa, akaiwasha. Kumbe kioo kisicho na taa kinatumia mwanga wa nje. Jua likizidi, chenyewe kinazidi kuonekana. Kile ambacho Ulaya na Marekani waliandika kama udhaifu wake mkubwa, hapa saa saba mchana ni nguvu. Tangu siku hiyo Game Boy zikapata foleni.

Lakini nisiwadanganye. Usiku ni kinyume. Saa mbili usiku, kazi zimekwisha na kijana ana nafasi, Game Boy ni jiwe tu mpaka umulike tochi, na hapo umerudi kwenye hesabu ya betri.

Kuhusu uimara, kuna Game Boy moja iliyoungua katika vita ya Ghuba ya mwaka 1991 baada ya kambi ya askari kupigwa bomu. Plastiki ya mbele iliyeyuka, lakini iliendelea kucheza, na kwa miaka mingi iliwekwa kwenye duka la Nintendo huko New York watu waione. Mimi niliisoma habari hiyo kwa hisia mbili. Huko ni maonyesho. Hapa kila nyumba ina kitu kilichopita kwenye moto na bado kinafanya kazi, na hakuna anayekuja kukitazama.

Kamba moja

Gemu iliyouza Game Boy huko Marekani ilikuwa Tetris, iliyowekwa ndani ya boksi moja na mashine. Aliyeibuni ni Alexey Pajitnov, mwaka 1984, akifanya kazi kwenye kituo cha kompyuta cha Chuo cha Sayansi cha Umoja wa Kisovyeti huko Moscow. Haki zilikuwa za serikali. Dunia nzima ilicheza, na yeye hakuanza kupata malipo yake mpaka mwaka 1996. Na ile Brick Game yetu ya mabati na vumbi ilikuwa mjukuu wa kazi yake, bila shaka bila kumlipa yeyote.

Tetris ina nguvu ambayo hapa inaonekana kuliko kwingine: haina lugha. Kwenye kikundi changu kuna Kinyabwisha, Kihunde, Kiswahili cha Kongo na Kiswahili cha hapa Uganda, na wachache wana Kifaransa. Gemu nyingi za PSP zinakuambia mambo kwa Kiingereza, na asiyesoma Kiingereza anabaki kubahatisha. Kipande kinachoanguka kinamwelewesha kila mtu.

Nguvu ya pili ni ile kamba. Mwaka 1996 Nintendo ilitoa Pokémon huko Japani, wazo la Satoshi Tajiri. Walitoa kaseti za aina mbili, na baadhi ya wanyama walikuwa kwenye moja tu. Huwezi kuwamaliza peke yako. Lazima utafute mwenzako mwenye kaseti nyingine, mkae karibu, mfunge kamba, mbadilishane. Kwa maneno mengine, mashine ya kuchezea peke yako ilikulazimisha kumtafuta mtu.

Ila ujanja huo ulitengenezwa kwa mahali ambapo kila mtoto ana mashine yake. Sisi tulikuwa na Game Boy mbili, kamba moja, na vijana arobaini. Wawili wanafungwa kamba, thelathini na wanane wanatazama migongo yao. Huu naona ni udhaifu mkubwa kabisa wa gemu za mkononi, na wanaozipima huko nje hawauoni kwa sababu wao wanazipima wakiwa peke yao chumbani. Kioo kimetengenezwa kwa macho mawili. Linganisha na bao, au igisoro kama wanavyoita nyumbani: mashimo kwenye udongo, kokoto, na watazamaji kumi wanaoona kila kitu na kutoa ushauri ambao hakuna aliyeuomba. Karamoja hakuna anayezuiwa, Rwamwanja hakuna anayezuiwa, na betri ni sifuri.

Kwenye katoni kulikuwa na kaseti moja ya Pokémon. Tuliiwasha, ikaanza mwanzo kabisa. Kaseti hizo zina betri ndogo ndani ya kutunza kumbukumbu, na ikiisha baada ya miaka, safari yote ya aliyecheza zamani inafutika. Kijana mmoja aliuliza kama tunaweza kuitengeneza. Ndiyo, fundi mwenye chuma cha kulehemu anaweza kubadilisha betri. Lakini kilichofutika hakirudi.

Jiwe la kwetu

Kuna udhaifu mwingine ambao hauandikwi kwenye boksi. Ndani ya simu, kompyuta na mashine nyingi za gemu za kisasa kuna vijiwe vidogo vinavyotengenezwa kwa tantalum, na tantalum inatoka kwenye koltani. Ndugu zangu wa Masisi wanajua habari za Rubaya bila kusimuliwa. Mwaka 2000 mahitaji ya simu na vyombo vya umeme yalipanda, bei ya tantalum ikaruka, na milima ya Kivu ikajaa watu wenye sepetu na watu wenye bunduki. Mwaka 2001 wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika ripoti juu ya utajiri wa Kongo unavyochimbwa kinyume cha sheria huku vita ikiendelea. Mwaka 2010 Marekani ikapitisha sheria inayotaka kampuni zitaje kama madini yao yanatoka kwetu.

Sisemi mashine hizi za katoni zina jiwe la Rubaya ndani. Sisemi pia kwamba kijana akibonyeza PSP anafadhili vita. Nasema tu kwamba tunapopewa vitu hivi kama zawadi kutoka mbali, si kila kilichomo kimetoka mbali. Tuna haki ya kuvipima kwa jicho la mwenye shamba.

Aliyeshinda kweli

Na mshindi wa mwisho, kwa upande wetu, hakuwa Game Boy wala PSP. Mwaka 1997 Nokia iliweka gemu ya nyoka ndani ya simu ya 6110, kazi ya Taneli Armanto. Mwaka 2003 ikaja Nokia 1100, yenye tochi, na ikauzwa zaidi ya milioni 250. Wengi wa umri wangu gemu yao ya kwanza ilikuwa ile nyoka kwenye simu ya mjomba, dakika tano, kabla hajasema "leta hapa, utaimaliza chaji". Ilikuwa gemu duni. Lakini ilikaa ndani ya kitu ambacho nyumba ilikihitaji kwa sababu nyingine, kitu kinachomulika njia na kupiga simu kwa waliobaki. Hakuna aliyelazimika kuchagua kati ya kucheza na kujua habari.

Yokoi hakuiona 1100. Mashine yake ya mwaka 1995, Virtual Boy, ilishindwa vibaya sokoni. Mwaka 1996 aliacha Nintendo, na mwezi wa kumi 1997 akafa kwa ajali ya barabarani. Mashine aliyokuwa ameshiriki kuibuni baada ya hapo, WonderSwan, ilitoka 1999. Inatumia betri moja tu ndogo. Mpaka mwisho alikuwa anafikiria mambo yaleyale.

Nilichoandika

Ripoti niliyoipeleka haikuwa na safu mbili. Ilikuwa na maswali manne, na ninayaweka hapa kwa ajili ya wenzangu wa vituo vingine, na kwa ninyi wafanyakazi wa mashirika ambao siku moja mtafungua katoni kama ile. Inakula nini, na chakula hicho kinatoka mfuko wa nani? Inaonekana wapi na saa ngapi? Wakicheza wawili, wengine wanafanya nini? Ikiharibika, nani hapa anaweza kuitengeneza?

Game Gear na PSP yenye betri mbovu zimeondoka. PSP mbili zimebaki kwa ajili ya Jumamosi, zinachajiwa kwenye sola ya kituo, na ni marufuku mtu kulipia chaji kwa pesa au unga wa nyumbani. Game Boy zinatolewa kuanzia saa nane hadi saa kumi kasoro robo, ili saa kumi ya maji ikute kila mtu yuko huru. Mama wa jerikani ndiye aliyependekeza saa hiyo, na sasa yumo kwenye kamati.

Na betri za kituo tumezipaka rangi nyekundu ya kucha, zote, kwenye ncha. Zinahesabiwa zikitoka na zikirudi. Kijana akionekana na betri isiyo na rangi ndani ya Game Boy, tunasimamisha mchezo na kumsindikiza nyumbani kuirudisha, bila kumpiga wala kumtangaza. Imetokea mara mbili. Mara zote mbili ilikuwa ya redio.

Yaya aliletewa Game Boy siku moja tu, akacheza Tetris mpaka mstari wa sitini, akanirudishia na kusema ile ya Goma ilikuwa ngumu zaidi. Baba bado ana redio, siyo ileile. Kila jioni nikitoka kazini ananiuliza jambo moja kabla ya salamu: "Mifukoni humo, pile ni zako au zangu?"